*HAKI HAZIGAWIWI NA SERIKALI*



Juzi kwenye kundi letu mwenzetu mmoja alitaja kauli za maaskofu kuhusu haki za raia. Akajibiwa warudi altareni, siasa watuachie sisi. Mwingine akaongeza, "Nyie Wakatoliki mna chama chenu." Ndugu yule amejitoa kwenye kundi. Tawi haliwezi kunyamaza.

*Kwanza*, haki zinatoka wapi? Ibara ya 12 ya Katiba inasema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa. Huzaliwa hivyo, hawapewi na mkuu wa wilaya. Papa Yohane XXIII aliandika jambo hilohilo mwaka 1963 katika waraka wa Pacem in Terris: mtu ana haki ya kuishi, kutibiwa, kuabudu, kukusanyika na kushiriki mambo ya nchi yake, na amri ya serikali inayokanyaga haki hizo haina nguvu ya kumfunga mtu. Kwa hiyo Mkatoliki anayetetea haki hajatoka nje ya imani yake, wala nje ya Katiba.

*Pili*, Ibara ya 3 inasema nchi yetu haina dini. Haisemi raia hana dini, wala haisemi mwenye kanzu afunge mdomo. Agosti 2023 Baraza la Maaskofu lilipinga mkataba wa bandari. Wapo Wakatoliki waliounga mkono mkataba ule, na wapo Waislamu walioupinga. Hoja ilikuwa bandari, si rozari wala tasbihi.

*Tatu*, na sisi tusivuke mpaka. Ibara ya 20 inakataza chama cha dini. Tamko la maaskofu lisigeuzwe kipeperushi chetu, hata likitufurahisha. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku, lakini serikali yake ilitaifisha shule za misheni ili mtoto wa dini yoyote asome. Imani yake ilimtuma kuwatumikia wote, haikumtuma kupendelea watu wa kanisa lake.

Serikali ni mlinzi wa haki zetu, si mwenye ghala anayetupimia kwa kibaba. Ibara ya 8 inasema mamlaka yake yanatoka kwetu, na lengo lake kuu ni ustawi wetu. Anayeikumbusha hilo, awe padri, shehe au muuza mchicha, anafanya wajibu wake.

*Maagizo ya tawi:*
1. Ujumbe wa kukashifu dini ya mtu utafutwa, na mwandishi ataitwa.
2. Jibu hoja, usijibu dini ya msemaji.
3. Mwenyekiti na mimi tutakwenda nyumbani kwa ndugu yetu kumwomba radhi. Aliyeandika maneno yale tunaomba afuatane nasi.

Tukishindwa kuheshimiana sisi humu ndani, tutaidai serikali heshima kwa mdomo gani?

_Katibu Mwenezi wa Tawi_