Nyikani, maji huisha kabla ya umeme

Mwaka 1959 msafara wa karavani 41 za alumini inayong'aa uliondoka Cape Town kuelekea Cairo. Aliyeuongoza alikuwa Wally Byam, Mmarekani mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, akiwa na wenzake zaidi ya mia moja. Walikatiza Kongo iliyokuwa bado mikononi mwa Wabelgiji, wakapita Uganda na Kenya, wakapokelewa na Mfalme Haile Selassie huko Ethiopia, na mwisho wakazipanga karavani zao mbele ya Piramidi za Misri. Kila familia ilikuja na kitanda chake, jiko lake na tangi lake la maji.

Byam alikuwa akiuza wazo moja: kwamba mtu anaweza kulala popote, mbali na nguzo ya umeme na bomba la maji, na bado akapumzika kama yuko kwake. Zaidi ya miaka sitini baadaye wazo hilo limezaa biashara kubwa Marekani, na biashara hiyo imewazoesha wateja kuanza na swali lisilofaa. Mnunuzi wa gari-nyumba, yaani basi, gari la mizigo au karavani iliyowekwa kitanda, jiko na choo, huuliza kwanza kuna wati ngapi za sola juu ya paa na betri ngapi chini ya kochi. Afadhali angeanza kwa kuuliza tangi la maji lina lita ngapi.

Mahali pazuri pa kulipima jambo hili ni Quartzsite, mji mdogo wa jangwani magharibi mwa Arizona, si mbali na mpaka wa California. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta hapo wakazi wapatao 2,400 tu. Lakini baridi inapoanza kaskazini mwa nchi, magari-nyumba huingia kwa maelfu na kutawanyika kwenye ardhi ya serikali inayouzunguka mji. Idara inayoisimamia ardhi hiyo, Bureau of Land Management, ilianza mwaka 1983 kutenga maeneo ya wageni wa muda mrefu, ambako mtu anaweza kukaa kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. Kwa miaka mingi ada ya msimu mzima ilikuwa dola 180, bei ambayo katika miji mingi ya Marekani haitoshi hata hoteli ya usiku mbili. Nje ya maeneo hayo, sehemu kubwa ya ardhi hiyo hulaliwa bure, kwa kawaida si zaidi ya siku 14 mahali pamoja.

Kwenye makaburi ya Quartzsite amezikwa Haji Ali, mchunga ngamia aliyeletwa Marekani katika miaka ya 1850, jeshi la nchi hiyo lilipokuwa likijaribu kuyavuka majangwa yake kwa ngamia. Alifariki mwaka 1902, na juu ya kaburi lake kuna piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia kileleni. Jeshi lilimtafuta mnyama yule kwa sababu ambayo bado ipo pale pale: kati ya kisima na kisima ni mbali.

Tuchukue karavani ya kawaida yenye tangi la lita 150. Bomba la mvua la bafuni, kwa kiwango cha juu kinachoruhusiwa na sheria ya Marekani, hutoa karibu lita tisa na nusu kwa dakika. Mume na mke wakioga dakika tano kila mmoja, lita 95 zimekwenda kabla ya chai ya asubuhi. Hawajapika, hawajaosha chombo, hawajanywa. Kwenye jangwa kavu kama lile mtu mmoja anahitaji kama lita nne za kunywa kwa siku, na akipanda milima au kufanya kazi juani huhitaji zaidi. Siku ya pili asubuhi wenye karavani hiyo watang'oa vigingi na kwenda kutafuta bomba, hata kama betri zao zimejaa pomoni.

Msomaji aliyekulia kwenye kuoga kwa ndoo na kopo ana ujuzi ambao Mmarekani huyo hulazimika kujifunza akiwa na umri wa miaka sitini. Jimwagie, funga maji, jipake sabuni, jisuuze. Lita kumi zinatosha, na mtu anatoka safi kabisa. Vyombo navyo vipanguswe kwa karatasi kabla ya kugusa maji, kwa kuwa mafuta na makombo ndiyo yanayokula maji. Kwa mwendo huo tangi lile lile la lita 150 linafika siku nne au tano bila mtu kujiona ananyimwa kitu.

Maji yanayoingia sharti yatoke, na hapa wengi hukwama. Gari-nyumba huwa na tangi la pili la maji ya sinki na bafu, na la tatu la choo. La choo likijaa, safari imekwisha hadi lipatikane shimo rasmi la kumwagia. Wapo wanaofungua koki usiku na kuuachia mchanga. Huo ni uchafuzi wa ardhi ya umma, ni kosa kisheria, na ndiyo sababu mojawapo ya maeneo mazuri kufungiwa wasafiri. Mtu asiyejua atamwaga wapi hajawa tayari kulala nje ya mji, hata gari lake liwe la thamani gani.

Kwa nini basi wasiweke tangi kubwa zaidi? Kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja, na kila gari lina uzito ambao halipaswi kuuzidi. Umeme unaweza kuvunwa papo hapo juu ya paa kila jua linapochomoza. Maji hayavunwi jangwani. Hapo ndipo hoja ya wauza vifaa inapovunjika. Wanasema betri za lithiamu na paneli zimeshuka bei sana, kwa hiyo siku za kujibana zimepita. Kuhusu bei wanasema kweli. Kuhusu kujibana, wanazungumzia nusu moja tu ya maisha ya ndani ya gari.

Hata huo umeme una hesabu yake. Betri moja ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 ina kama yuniti moja na robo, yuniti zile zile tunazonunua kwa ajili ya mita ya nyumbani. Friji ndogo ya gari hutumia takriban nusu yuniti hadi yuniti moja kwa siku. Taa za LED na simu hazina uzito wowote katika hesabu hiyo. Lakini kiyoyozi cha juu ya paa huvuta kama wati 1,400, na betri hiyo itakata roho kabla ya saa moja kutimia. Anayetaka kiyoyozi kifanye kazi usiku kucha atahitaji rundo la betri lenye bei ya gari dogo, au jenereta.

Paneli nazo zina siri ambayo mtu wa Nairobi hawezi kuifikiria haraka. Kwake jua la mchana liko karibu na utosi mwaka mzima, na paneli inaweza kulala karibu bapa, ikiinuliwa kidogo tu ili mvua ioshe vumbi. Quartzsite, mwishoni mwa Desemba, jua la adhuhuri hupanda nyuzi 33 tu kutoka upeo wa macho. Paneli iliyolazwa juu ya paa saa hiyo hupokea kama nusu ya mwanga ambao ingepokea ikiwa imeinuliwa kulitazama jua. Wenyeji wa msimu huziinua kwa vyuma vya bei rahisi, na kwa kazi hiyo ya dakika chache wanapata ambacho jirani yao anakwenda kununua kwa mamia ya dola.

Na kiyoyozi? Jibu la wazoefu ni kuhama. Julai joto la mchana Quartzsite hupita nyuzi 40 za Selsiasi, na hakuna gari la bati litakalokalika. Wakati huo huo Flagstaff, katika jimbo hilo hilo la Arizona lakini juu kwenye mita 2,100 hivi, mchana hukaa karibu nyuzi 28 na usiku watu hujifunika blanketi. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi sita hivi. Kwa hiyo walioishi hivi miaka mingi hushuka jangwani wakati wa baridi na kupanda milimani wakati wa joto, kama wafugaji wa Kimasai wanavyofuata malisho kwa majira. Mafuta ya safari hiyo yanaondoa haja ya mashine ya maelfu ya dola.

Usiku wa Januari jangwani nao ni baridi, nyuzi tano au hata chini yake, na hapo makosa yanaua. Kila mwaka Afrika Mashariki huzika watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yakiwa yamefungwa. Gesi hiyo hiyo ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, huua Marekani ndani ya karavani zenye vyombo vya anasa. Jiko la kupikia halipaswi kugeuzwa la kuotea, na jenereta haipaswi kunguruma chini ya dirisha la chumba cha kulala. Kengele ya kutambua gesi hiyo ni ya bei ndogo na inapaswa kuwamo ndani ya kila gari linalolaliwa. Baada ya hapo ndipo mtu azungumzie mablanketi mazito, mapazia ya kuzuia baridi kwenye vioo na hita ya dizeli yenye bomba la kutolea moshi nje.

Hita hiyo inafahamika vizuri kwa madereva wa malori, na miongoni mwao Marekani sasa wamo wengi waliotoka Kongo, Kenya, Tanzania na Burundi. Lori lililoachwa likinguruma usiku kucha ili dereva apate joto huchoma kama lita tatu za dizeli kila saa. Hita ndogo ya kitandani hutumia sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, na dereva halali akitikiswa na injini. Wenye magari-nyumba wangefanya vyema kuwauliza hawa, maana wao hulala barabarani kwa riziki, miezi nenda miezi rudi.

Kuna pia wanaoishi hivi kwa kukosa namna. Mwandishi Jessica Bruder aliwaeleza katika kitabu chake cha mwaka 2017, Nomadland: Wamarekani wenye umri mkubwa ambao mtikisiko wa uchumi wa 2008 na kodi za nyumba viliwasukuma kuhamia ndani ya magari. Filamu iliyotokana na kitabu hicho ilishinda Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Bob Wells, anayeonekana katika filamu hiyo, ndiye aliyeanzisha mkusanyiko wa majira ya baridi karibu na Quartzsite ambako wageni hufundishwa kuishi garini kwa fedha kidogo. Kwa watu hawa starehe ni suala la heshima na afya. Mzee anayelala na mashine ya kumsaidia kupumua, au anayetunza insulini yake kati ya nyuzi mbili na nane, hawezi kuambiwa apunguze umeme. Kwake betri ni dawa, na hesabu ya umeme ianze na mashine hiyo kabla ya runinga.

Kelele za jenereta nazo ni jambo zito zaidi ya adabu. Katika maeneo ya wageni wa muda mrefu kuna saa za utulivu, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na zinastahili kuheshimiwa hata pasipo askari. Anayewasha jenereta jangwani ili aendeshe kiyoyozi amejinunulia ubaridi wake kwa usingizi wa majirani wote waliomzunguka, na sauti ile nyikani husafiri mbali.

Haya yote yanatugusa moja kwa moja. Arusha na Nairobi kuna biashara ya kukodisha magari yenye hema juu ya paa, na wateja wake sasa ni pamoja na familia za hapa nyumbani. Katika hifadhi za Tanzania, Serengeti ikiwemo, kuna kambi maalumu zisizo na bomba wala choo: mgeni huja na kila kitu na kuondoka na kila kitu, taka zake pia. Matangazo ya magari hayo hupenda kuonyesha friji na paneli. Mkodishaji mwenye kujali angemkabidhi mteja karatasi ya maji kabla ya kumkabidhi funguo. Familia ya watu wanne kwa siku tatu, kwa lita kumi kila mtu kwa siku za kunywa, kupika na kunawa, inahitaji lita 120. Hayo ni madumu sita ya lita ishirini, kilo 120 kamili, na nafasi yake garini itafutwe kabla ya kupakia viti na friji.