Anayenunua bia ya Ujerumani ananunua nini?

Kasumba ya kuamini kwamba kila kilichotoka ng'ambo ni bora kuliko cha nyumbani imepigwa vita kwa miaka mingi, lakini katika rafu za vinywaji bado imekaa kitako. Mnunuzi huiona chupa ya kijani yenye maandishi ya Kijerumani, nembo ya simba au ya ufunguo, na mwaka 1516 ulioandikwa kwa rangi ya dhahabu, akatoa fedha nyingi kuliko ambazo angetoa kwa bia aliyoizoea, bila ya kuuliza swali hata moja. Si kosa kuinunua bia hiyo. Wajerumani ni mafundi wa kazi hiyo tangu kale, na viwanda vyao vya bia, ambavyo vingi ni vidogo vya miji na vijiji, hufikia kiasi cha 1,500. Kosa ni kulipia jina huku mtu akidhani amelipia bia.

Mwaka huo unaopambwa kwenye chupa unastahili kuelezwa, maana wanaoutaja ni wengi kuliko wanaoujua. Tarehe 23 Aprili, 1516, mjini Ingolstadt, watawala wa Bavaria, Wilhelm IV na ndugu yake Ludwig X, walitoa amri kwamba bia ipikwe kwa shayiri, hopi na maji tu. Hopi ni yale maua machungu yanayoipa bia ukali wake na kuisaidia isiharibike upesi. Hamira haikutajwa. Lakini sehemu kubwa ya amri ile haikuhusu viungo hata kidogo; ilihusu bei. Kutoka Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mwezi wa Septemba hadi ya Mtakatifu Georgi mwezi wa Aprili, kipimo kimoja kinachozidi kidogo lita moja kisiuzwe kwa zaidi ya pfennig moja. Na katika miezi iliyobaki kisizidi pfennig mbili. Aliyechanganya visivyoruhusiwa alinyang'anywa pipa lake. Kwa maneno mengine, amri ambayo leo hutumiwa kupandisha bei ya chupa ilitolewa ili kuizuia bei isipande.

Inaelezwa pia kwamba shayiri ilichaguliwa ili ngano ibaki kwa ajili ya mkate wa watu. Hapo ndipo wakubwa walipojipendelea, kama ilivyo desturi yao. Bia ya ngano iliendelea kupikwa Bavaria kwa idhini maalumu iliyopewa ukoo mmoja wa makabaila, na ukoo huo ulipokatika, mwaka 1602 haki hiyo ikachukuliwa na mtawala mwenyewe, Maximilian I, ikawa chemchemi ya fedha za hazina yake. Ilipofika 1872 ndipo fundi Georg Schneider wa München alipopata ruhusa ya kuipika.

Masharti ya Bavaria yalienezwa Ujerumani nzima mwaka 1906. Baadaye yakatumika kama ukuta: bia ya nchi nyingine iliyotiwa mahindi au mchele haikuruhusiwa kuuzwa humo kwa jina la bia. Tarehe 12 Machi, 1987, Mahakama ya Jumuiya ya Ulaya iliubomoa ukuta huo. Hoja yake inafaa kukumbukwa na kila anayesimama mbele ya rafu. Mahakama ilisema kwamba mnywaji anaweza kulindwa bila ya kuizuia bidhaa isiingie. Kinachotakiwa ni kumwandikia waziwazi kilichomo ndani. Tangu hapo ulinzi wa mnywaji umehamia kwenye karatasi iliyobandikwa chupani. Basi na iulizwe karatasi hiyo inaaminika kiasi gani.

Jibu linapatikana Marekani, nchi ambayo mabepari wake wamelifanya jina la ugeni kuwa bidhaa inayojitegemea. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Miller ilipata haki ya kupika huko Marekani bia ya Löwenbräu, ambayo asili yake ni München. Mwaka 1977 mshindani wake, Anheuser-Busch, alipeleka malalamiko kwa tume ya serikali inayosimamia haki katika biashara, akidai kwamba wananchi wanauziwa bia ya Kimarekani katika vazi la Kijerumani. Malalamiko hayo yalikuwa na maana. Lakini miaka ikapita, na mwaka 2012 bia ya Beck's, iliyokuwa ikisafirishwa kutoka Bremen, ilianza kupikwa mjini St. Louis kwa ajili ya soko la Marekani. Aliyefanya hivyo ni Anheuser-Busch yule yule.

Chupa haikubadilika sura. Ufunguo ulibaki, Kijerumani kilibaki, na masharti ya 1516 yaliendelea kutajwa. Wanunuzi waliofungua kesi walisema kwamba maneno ya kueleza kuwa bia imetengenezwa Marekani yaliandikwa kwa herufi ndogo nyeupe juu ya rangi ya fedha, mahali ambapo mtu haoni mpaka aitoe chupa katika boksi lake. Mwaka 2015 kesi ilimalizwa kwa mapatano. Kampuni haikukiri kosa, ila ilikubali kuwarudishia wanunuzi fedha: hadi dola 50 kwa kila nyumba yenye stakabadhi, na dola 12 kwa isiyokuwa nazo. Ni nani anayehifadhi stakabadhi ya bia kwa miaka mitatu?

Yapo watakaosema kwamba maji ni maji na kimea ni kimea, na kwamba bia iliyopikwa St. Louis kwa maelekezo ya Bremen ni ile ile. Huenda ikawa hivyo, na huenda hata ikawa bora, kwa kuwa haikuvuka bahari. Lakini ikiwa mahali hapana maana, kwa nini Bremen iandikwe kwa herufi kubwa na St. Louis kwa herufi ndogo?

Jambo hili si la Wamarekani peke yao. Beck's na Löwenbräu zote mbili zimo katika himaya ya AB InBev, kampuni yenye makao makuu Leuven, Ubelgiji, iliyoundwa mwaka 2008 wakati InBev ilipoinunua Anheuser-Busch. Mwaka 2016 kampuni hiyo iliimeza SABMiller, na pamoja nayo hisa nyingi za Kampuni ya Bia Tanzania, ile ile iliyotiwa mikononi mwa umma mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha na kukaribisha wabia wa Afrika Kusini mwaka 1993. Mnywaji wa Dar es Salaam anayesita kati ya Kilimanjaro na Beck's, akidhani anachagua kati ya nyumbani na Ulaya, anachagua kati ya mifuko miwili ya koti moja.

Namibia inatoa mfano mwingine. Nchi hiyo ilitawaliwa na Wajerumani tangu 1884 hadi 1915, na kati ya 1904 na 1908 Waherero na Wanama waliuawa kwa maelfu na majeshi ya utawala huo. Wapikaji bia wa Kijerumani waliacha ufundi wao huko, na kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1920 kinatengeneza Windhoek Lager kwa kufuata masharti yale yale ya shayiri, hopi na maji. Hata hivyo bia hiyo haikujibandika jina la mji wa Ulaya. Imebeba jina la mji mkuu wake yenyewe. (Kweli, tangu 2023 mwenye sauti katika kiwanda hicho ni Heineken wa Uholanzi, lakini hayo ni mashitaka mengine.)

Sasa tuseme chupa ni ya Ujerumani kweli. Bado mnunuzi hajamaliza kazi. Kwa Mjerumani mwenyewe bia ni bidhaa ya jirani: huinunua ikiwa bado mpya, na chupa tupu huirudisha dukani ili apewe senti zake 8 za amana. Bia ile ile ikipakiwa Hamburg au Bremerhaven hukaa wiki kadhaa ndani ya kontena, kisha bandarini, kisha ghalani kwenye joto, kisha kwenye rafu chini ya taa. Joto huizeesha ikapata ladha ya karatasi ngumu iliyolowa maji. Mwanga ni adui mbaya zaidi, kwani hushambulia uchungu wa hopi na kuifanya bia inuke kama kicheche. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga. Ya kijani huzuia kidogo sana. Kopo huzuia wote. Kumbe ile rangi ya kijani inayowavutia wengi ndiyo inayoilinda bia kidogo, na kopo linalodharauliwa mezani kwa wakubwa ndilo linaloihifadhi vizuri. Tarehe ya mwisho wa ubora hutanguliwa na maneno "mindestens haltbar bis", na asiyejua Kijerumani aitafute kabla ya kutoa fedha, hasa kwa bia za Pils, ambazo uchungu wake hufifia kadiri miezi inavyopita.

Kuonja nako kuna utaratibu wake, na si shindano la idadi ya chupa. Bilauri ioshwe na kusuuzwa isibaki na mafuta wala sabuni, maana hivyo huua povu. Bia iwe ya baridi lakini isikaribie kuganda, kwa sababu baridi kali huziba ulimi, na bia mbovu hupenda kujificha ndani ya barafu. Kisha inuswe kabla ya kunywewa. Weissbier, ile ya ngano, ambayo sheria ya Ujerumani inataka angalau nusu ya kimea chake kiwe cha ngano, hutoa harufu ya ndizi mbivu na karafuu ingawa hakuna ndizi wala karafuu iliyotiwa; ni kazi ya hamira. Mwenyeji wa Pemba hahitaji mwalimu wa kumweleza kama karafuu ipo au haipo. Ikiwa haipo kabisa, na bia imepooza, basi imechoka njiani. Rauchbier ya Bamberg, ambayo kimea chake hukaushwa kwa moshi wa kuni, humkumbusha mnywaji samaki wa kubanikwa. Wengi huikataa bilauri ya kwanza na kuomba ya pili. Doppelbock ni nzito na tamu, na kileo chake hufikia asilimia 7 au zaidi, kwa hiyo anayeinywa kwa mwendo wa Pils asiilaumu barabara akishindwa kuifuata.

Lipo jaribio ambalo halina gharama ya ziada. Bia ya kutoka Ujerumani na ya kiwanda cha hapa zimiminwe katika bilauri zinazofanana, majina yafichwe, na marafiki waulizwe ipi wanaipenda na kwa sababu gani. Wakiichagua ya Ujerumani, wainunue kwa moyo mweupe, kwani wameilipia ladha yake. Wakiichagua ya hapa, watakuwa wamejua fedha zao zilikuwa zikienda wapi.

Lakini mzigo huu wote usiachiwe mnunuzi peke yake. Waagizaji wa bia hujua kila kontena limepakiwa mji gani na mwezi gani. Hati za forodha zinaeleza yote. Hakuna gharama ya kutisha katika kubandika karatasi ya Kiswahili upande wa mbele wa chupa, kwa herufi zilizo sawa na za jina lenyewe, ikisema bia imepikwa mji gani, imetiwa viungo gani na itakuwa bora mpaka lini. Kwa yule asiyekunywa kwa sababu ya dini yake au afya yake, karatasi kama hiyo ina manufaa yale yale kwenye maziwa ya kopo, mafuta ya kula na dawa ya mtoto. Waagizaji watakaosema hawawezi waombwe kwanza waonyeshe hati zao za forodha.