Mfanyakazi wako hakuiota ndoto yako

Ukikaa na vijana waliofungua biashara Wote, Mwingi au Kitui mjini, lalama ni ile ile: wafanyakazi hawajitumi. Saa kumi na moja jioni ikigonga, mtu ashavaa jaketi. Jumapili hapokei simu. Mvua ikianza kunyesha kwao, haonekani siku tatu. Bosi naye analala dukani, hajilipi, anakula muthokoi mara moja kwa siku, na anashangaa mbona wenzake hawana moto kama wake.

Kwani wautoe wapi? Biashara ikinoga, jina kwenye cheti cha usajili ni lako. Siku ya kufungua tawi Emali, atakayepigwa picha ni wewe. Yeye atabaki na mshahara wake wa mwezi, tena kama umelipa kwa wakati. Kumtaka awe na kiu sawa na yako ni kumdai deni ambalo hakukopa.

Kuna wanaopenda kutaja mwethya hapa, eti Wakamba tumezoea kufanya kazi kwa moyo. Ni kweli mwethya ulichimba matuta mengi ya kuzuia mmomonyoko wa udongo kwenye milima ya Ukambani. Lakini watu husahau hesabu yake. Leo tunalima kwako, wiki ijayo kwangu, na aliyezoea kukwepa zamu za wengine hakutarajia umati shambani kwake. Kujitolea huko kulikuwa na malipo, ila hayakuwa ya pesa. Kwa hivyo bosi anayetaka kijana akeshe akipakia maboksi "kwa roho ya mwethya" aseme pia ni siku gani yeye ataenda kumlimia huyo kijana.

Halafu kuna hili la mvua, ambalo mabosi wengi hulichukulia kama utovu wa nidhamu. Huku kwetu mvua ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba, ndiyo ya kutegemewa kuliko ile ya Machi hadi Mei. Ndengu zisipoingia ardhini mapema, msimu umeponyoka. Zikipandwa, hukomaa kwa miezi miwili hivi au mitatu, kumaanisha nyingi zinavunwa karibu Januari. Sasa angalia upande wa pili: maembe ya Makueni huiva kwa wingi kati ya Desemba na Machi. Anayekausha maembe au kukamua juisi anahitaji mikono mingi wakati ule ule nyumbani wanaihitaji mikono hiyo hiyo. Huo si uvivu wa mtu yeyote, ni kalenda. Anayeijua ataajiri vibarua wa ziada kabla ya Krismasi, atapanga zamu za kwenda kupanda na kuvuna, na hataahidi mteja wa Nairobi mzigo ambao hana wa kuupakia.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Kazi ya miezi mitatu au zaidi inataka mkataba wa maandishi. Wengi wetu tunaajiri kwa ujumbe wa WhatsApp, "njoo tujenge pamoja", kisha tunakasirika kila mmoja akiwa na picha yake ya hayo majengo.

Mshirika mwenye hisa ni habari nyingine. Huyo una haki ya kumdai zaidi, ila naye mdai kwa kipimo. Rafiki aliyeajiriwa na kaunti na anayekusaidia jioni ana saa kumi kwa wiki, hana arobaini. Andikeni hizo kumi, na hisa zake zilingane nazo.

Kwa mfanyakazi, sema kazi ni ipi, inaisha saa ngapi, na ikipita hapo atalipwa vipi. Ukitaka akimbie zaidi msimu wa maembe, mwongeze kitu kwa kila kreti. Na aliye na ekari moja ya ndengu huko Mutomo, muulize sasa hivi anapanda lini.