Mtu wa IT aulizwe kabla mkataba haujasainiwa

"Mtandao unasumbua." Karani wa kaunta akishatamka maneno hayo, foleni husimama na simu ya kwanza hupigwa kitengo cha TEHAMA. Ofisa anayeipokea hutakiwa aurudishe mfumo hewani mara moja, kisha aandike maelezo kwa nini ulianguka. Katika ofisi nyingi ofisa huyohuyo hakuulizwa lolote siku mfumo huo uliponunuliwa. Aliletewa ukiwa umeshalipiwa, akaambiwa aufunge kwenye kompyuta. Hoja yangu ni moja: anayebebeshwa dhamana ya kuendesha mfumo atoe maoni yake kwa maandishi kabla mkataba haujasainiwa, na mkuu anayeamua kinyume naye aandike sababu.

Hasara ya kupuuza jambo hili inaonekana vizuri Canada, nchi isiyokosa fedha wala wataalamu. Serikali yake iliamua kuachana na mfumo wa mishahara uliotumika kwa takriban miaka 40, ikaleta mpya ulioitwa Phoenix kwa matarajio ya kuokoa dola milioni 70 za nchi hiyo kila mwaka. Kampuni ya IBM ilipokadiria kwamba kazi ingegharimu dola milioni 274, wakuu wa mradi, waliokuwa na bajeti ya milioni 155, hawakuomba nyongeza. Walipunguza kazi yenyewe. Waliondoa baadhi ya vipengele, kikiwemo cha kushughulikia malimbikizo ya mishahara, na wakafuta jaribio lililopangwa kufanyika katika idara moja kwanza. Washauri wa mishahara wapatao 1,200, wanaozijua kanuni za malipo kwa uzoefu, waliondolewa, na kazi yao ikapelekwa mji wa Miramichi kwenye kituo chenye watu wasiofika nusu yao. Idara kadhaa zilieleza wasiwasi, lakini Februari 2016 Phoenix ikawashwa. Wapo watumishi waliolipwa pungufu, wapo waliozidishiwa, na wapo ambao hawakulipwa kabisa. Mwaka 2018 Mkaguzi Mkuu, Michael Ferguson, alisema usimamizi wa mradi huo ulishindwa kwa namna isiyoeleweka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: walioamua hawakuwa wakikokotoa mshahara wa mtu yeyote, na waliokuwa wakikokotoa hawakuwa na nguvu ya kusema "subirini" wakasikilizwa.

Kununua ni kwa siku moja, kutunza ni kwa miaka, na huko ndiko ofisa wa TEHAMA anakokata tamaa zaidi. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu la usalama kwenye Windows. Miezi miwili baadaye kirusi cha WannaCry kilipenya kwenye tundu hilohilo, na hospitali za umma za Uingereza zikafuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Kompyuta nyingi zilizoathirika hazikuwa zimewekewa kiraka hicho. Kazi ya kuweka viraka inahitaji mfumo uzimwe kwa muda, inahitaji mtu wa kukesha, na inahitaji mkuu aliye tayari kuvumilia malalamiko ya siku moja ili aepuke hasara ya mwezi mzima. Ofisi zetu nazo ziko kwenye mtihani huo: tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazipokei Windows 11. Ombi la kubadilisha mashine hizo, au hata betri ya UPS iliyochoka kiasi kwamba umeme ukikatika seva inazimika papo hapo, huonekana dogo likiwekwa kando ya ombi la gari la ofisi.

Wapo watakaosema kwamba mkuu ndiye mwenye fungu na ndiye anayejua taasisi inaelekea wapi. Ni kweli, na sidai fundi apewe uamuzi wa mwisho. Wengine watasema watu wa IT hupenda kukataa kila kitu, tena kwa lugha isiyoeleweka. Hilo nalo lina ukweli. Ofisa anayesema tu "mfumo huu haufai" hajasaidia. Aeleze kwa lugha ya mhasibu: huduma inaweza kusimama saa ngapi, leseni ya mwaka wa pili ni shilingi ngapi, na data zitabaki mikononi mwa nani mkataba ukiisha. Wapo pia wanaohofia kwamba kusubiri maoni kutachelewesha kazi. Canada walifuta jaribio, kisha wakatumia miaka kurekebisha mishahara ya watumishi wao.

Ninachopendekeza ni karatasi moja tu ndani ya jalada la zabuni, yenye maoni ya kitengo cha TEHAMA, jibu la mkuu na sahihi zao. Mambo yakienda vibaya, mkaguzi ataona nani alionya na nani aliamua, na lawama haitamwangukia aliye chini kwa sababu tu yuko karibu na mashine. Wakuu wa taasisi, kabla hamjasaini, mwiteni yule atakayeamshwa saa nane usiku mfumo ukianguka. Mpeni kiti mezani, mumsikilize, na mkitunze alichoandika.