Msimnyang'anye bibi vidonge vyake

Na Rukia Mbarouk

Tukisikia mtu kanasa kwenye dawa, macho yetu hukimbilia kijiweni, kwa kijana aliyekonda anayesinzia wima. Hatumtazami bibi mwenye heshima zake, ambaye pochi yake haikosi bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa kwa kalamu: 1x1, usiku. Ndani mna diazepam. Aliandikiwa wiki aliyofiwa na mumewe, apate kulala. Matanga yakaanuliwa, vidonge vikabaki.

Dawa hizi kwa kawaida si za kuzidi wiki mbili hadi nne. Bibi anamaliza mwaka wa tatu. Kimoja hakimtoshi tena. Humeza viwili usiku na kingine mchana, "cha kutuliza moyo". Duka moja likimdai cheti, huenda la mtaa wa pili, ambako muuzaji humkatia kumi bila swali. Akivikosa siku moja, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, usingizi hauji, na nyumba nzima inasema ni presha. Nani atashuku dawa iliyotoka hospitali?

Siku mjukuu anapogundua, kikao kinaitishwa, bibi anasemwa, vidonge vinamwagwa chooni. Hapo ndipo ninapogombana na wengi, maana wote hudhani wamemwokoa. Diazepam na jamaa zake, kwa aliyezoea, zikikatwa ghafla zinaweza kuleta kifafa, hata kifo. Ubongo uliozoea kutulizwa kwa miaka hauwezi kujituliza wenyewe kwa usiku mmoja. Tramadol, dawa ya maumivu ambayo nayo huzoeleka, ikikatwa ina mateso yake: mwili kuuma, tumbo kuendesha, makamasi kutiririka, arosto ileile wanayoijua vijana wa heroini. Kumwambia mtu wa namna hiyo "jikaze" ni ukatili, hata kama umesemwa kwa mapenzi.

Huko Newcastle, Uingereza, Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya watu kama bibi huyu kuanzia 1982 hadi 1994. Alipunguza dozi kidogo kidogo, kwa miezi, kwa mwendo ambao mgonjwa mwenyewe aliuweza. Waliokuwa kwenye dawa zinazoisha nguvu upesi aliwahamishia kwenye diazepam, kwa kuwa hiyo hutoka mwilini taratibu. Hakuna mashine ya gharama hapo. Kinachotakiwa ni daktari mwenye subira, ndugu wa kushika vidonge, na mtu wa kuzungumza na bibi kuhusu msiba ambao haukuwahi kutibiwa, ulilazwa tu.

Sisi tumejifunza kumhurumia wa heroini; Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Ni hatua kubwa, lakini dawa hiyo haimtibu wa diazepam, na zikichanganywa zinaweza kuzima pumzi. Bibi aende kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa. Hatakubali kirahisi, ataona anawekwa fungu moja na mateja. Basi asindikizwe kama anavyosindikizwa kliniki ya presha, bila hotuba njiani. Na vibebwe vidonge vyote, pamoja na vile alivyoficha chini ya godoro, ili daktari ajue dozi halisi anayomeza. Akitajiwa kimoja badala ya vitatu, ataanza kupunguza mahali ambapo bibi hayupo.