Nukta Nundu na Mashine Zisemazo: Ipi Itangulie?

Katika miaka ya karibuni mazungumzo juu ya elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu yametawaliwa na habari za mitambo. Husemwa kwamba simu ya mkononi yaweza kumsomea asiyeona gazeti zima, kwamba kompyuta yaweza kutamka kila herufi inayopigwa, na kwamba kitabu kizima chaweza kusikilizwa bila kufunguliwa ukurasa. Haya yote ni kweli, nasi twayafurahia. Lakini kutokana na ukweli huo imezuka hoja ambayo twaona si sahihi. Hoja yenyewe ni hii: kwa kuwa mashine zasoma kwa sauti, mtoto asiyeona wa shule ya msingi hana haja tena ya kuhangaika na nukta nundu. Katika makala haya tumekusudia kuipinga hoja hiyo, na kumweleza mwanachuo kazi halisi ya kila chombo.

Yafaa tuanze kwa kujiuliza kusoma ni nini. Mtoto anayeona akiingia darasa la kwanza hatosheki kusomewa hadithi. Hufundishwa kuzitambua herufi, kuziunganisha ziwe silabi, na silabi ziwe maneno; kisha huandika mwenyewe, hukosea, hufuta na kuandika tena. Redio ilipoingia madarasani hakuna mwalimu aliyependekeza kwamba somo la kusoma lifutwe kwa kuwa watoto sasa wanaweza kusikiliza. Kwa nini basi jambo ambalo hatungemfanyia mtoto anayeona tuone ni sawa kumfanyia mwenzake asiyeona? Anayesikiliza tu hupata habari, lakini hajui kusoma. Tena asiyejua kusoma hawezi kuandika barua yake mwenyewe, wala kuhakiki alichoandikiwa na mtu mwingine.

Kiswahili huandikwa karibu kama kisemwavyo, na jambo hili laweza kumhadaa mwalimu. Aweza kudhani kuwa sikio pekee latosha kumfundisha mtoto tahajia. Sivyo. Sikio halionyeshi mipaka ya maneno. "Simjui" ni neno moja, lakini "si mwalimu" ni maneno mawili. "Anavyosema" huandikwa pamoja, na "kwa sababu" huandikwa mbalimbali. Mtoto atajuaje tofauti hii kama hajapata kuigusa? Pia wako watoto wengi ambao katika lugha zao za nyumbani sauti za "r" na "l" hazitenganishwi, au "dh" hutamkwa kama "z". Mtoto anayeona husahihishwa na maandishi ya kitabu kila siku, hata mwalimu asiposema neno. Mtoto asiyeona naye anahitaji kitabu cha kumsahihisha, na kitabu hicho lazima kifikiwe na vidole vyake. Tukifika kwenye Kiingereza, ambacho herufi zake nyingi huandikwa bila kutamkwa, ugumu huzidi. Katika hisabati mambo ni magumu zaidi, kwa maana hesabu ndefu ya kugawanya haiwezi kushikwa kichwani kwa kusikia tu.

Historia ya nukta nundu yenyewe yatufundisha jambo hilihili. Louis Braille alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, karibu na Paris, Ufaransa. Alipokuwa na umri wa miaka 3 alijiumiza jicho kwa chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake, aliyekuwa fundi wa matandiko ya farasi. Hatimaye akapofuka macho yote mawili. Mwaka 1819 alipelekwa katika shule ya vijana wasioona mjini Paris. Vitabu vya shule hiyo vilikuwa na herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Zilisomeka kwa taabu, na wanafunzi hawakuweza kuziandika wao wenyewe. Baadaye Charles Barbier, aliyekuwa afisa wa jeshi, alileta mfumo wake wa nukta 12. Mfumo huo uligusika vizuri, lakini uliandika sauti za maneno na siyo tahajia yake. Kijana Braille alikataa kutosheka. Alipunguza nukta zikawa 6, ili kikundi kizima kienee chini ya ncha ya kidole, akampa asiyeona alfabeti kamili kama ya watu wengine. Kitabu chake cha kwanza juu ya mfumo huo kilitoka mwaka 1829. Alifariki mwaka 1852, na miaka 2 baadaye mfumo wake ukakubaliwa rasmi nchini Ufaransa. Ni dhahiri basi kwamba swali la sauti au herufi si geni. Wasioona wenyewe walilijibu zamani.

Wapo wanachuo wanaoogopa nukta nundu kana kwamba ni elimu ya siri. Hofu hiyo haina msingi. Kikundi kimoja kina nukta 6 katika safu 2: safu ya kushoto ina nukta ya 1, 2 na 3 kutoka juu kwenda chini, na ya kulia ina nukta ya 4, 5 na 6. Herufi 10 za kwanza, yaani "a" hadi "j", hutumia nukta 4 za juu tu. Herufi "a" ni nukta ya 1. "B" ni ya 1 na ya 2. Anayezijua hizi mbili amekwisha kuweza kuandika "baba". Herufi 10 zinazofuata, "k" hadi "t", ni zilezile za kwanza zikiongezewa nukta ya 3. Kwa hiyo "c", ambayo ni nukta ya 1 na ya 4, ikiongezewa ya 3 huwa "m", na mtoto ataandika "mama". Herufi za mwisho huongezewa nukta ya 3 na ya 6. Iliyo nje ya utaratibu huu ni "w" peke yake, kwa kuwa Kifaransa hakikuwa na haja nayo sana. Sisi, ambao hatuwezi kuandika "mwalimu" wala "watoto" bila herufi hiyo, hatuna budi kuikariri: ni nukta ya 2, 4, 5 na 6. Tarakimu nazo ni herufi 10 za kwanza zikitanguliwa na alama maalumu. Kwa kuwa mwalimu anayeona aweza kuzisoma nukta hizi kwa macho, twaona hana udhuru wa kutozijua.

Sasa tuviangalie vyombo vyenyewe. Chombo rahisi kuliko vyote ni kibao cha nukta nundu na kalamu yake ya ncha ya chuma. Ni chepesi, huingia katika mfuko wa shule, wala hakihitaji umeme. Upungufu wake ni kwamba nukta hubonyezwa kutoka nyuma ya karatasi. Mtoto huandika kutoka kulia kwenda kushoto, na hawezi kusoma alichoandika mpaka aitoe karatasi na kuigeuza. Mashine ya Perkins, iliyobuniwa na David Abraham nchini Marekani na kuanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1951, iliondoa tatizo hilo. Ina vibonye 6 vya nukta, na nukta huinuka juu ya karatasi papo hapo. Mtoto huandika neno, hulipapasa, akatambua kosa lake kabla mwalimu hajafika mezani kwake. Hilo ni jambo kubwa kwa anayeanza kujifunza. Hata hivyo mashine hiyo ni ghali, tena nzito, na ikiharibika huhitaji fundi anayeielewa. Mahali ilipo moja, watoto waitumie kwa zamu, na vibao viwe vya kila mmoja.

Simu na kompyuta zisemazo zina nafasi yake, nayo si ndogo. Vitabu vya nukta nundu ni vinene, ni vichache, na husafirishwa kwa shida. Mtoto aliyekwisha kujua kusoma, akipata chombo kisemacho, hufunguliwa hazina ya vitabu ambayo maktaba ya shule haingeweza kuihifadhi. Programu ya kusomea kompyuta iitwayo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran na kuendelezwa naye pamoja na James Teh, wote wa Australia, ambao wote wawili hawaoni, hutolewa bure, na yaweza kusoma maandishi ya Kiswahili. Aidha viko vyombo vya umeme vyenye mstari wa nukta zinazopanda na kushuka, ambavyo huyageuza maandishi ya simu au kompyuta yakawa nukta nundu chini ya vidole vya msomaji. Vyombo hivi vyathibitisha kuwa mashine na nukta nundu si maadui. Tunachokikataa ni kuipa sauti kazi ya herufi.

Hapa hatuna budi kutoa tahadhari. Si kila mtoto mwenye shida ya kuona anahitaji nukta nundu. Mtoto mwenye ualbino, kwa mfano, kwa kawaida huona, ingawa hulazimika kusogeza kitabu karibu sana, na mwanga mkali humwumiza. Mtoto kama huyo apimwe macho, apewe kiti cha mbele mbali na mwanga wa dirisha, aandikiwe kwa herufi kubwa nyeusi, na apatiwe lenzi ya kukuzia maandishi. Kumfundisha kupapasa nukta hali macho yake yaweza kusoma ni kumnyima haki yake kwa njia nyingine. Mwalimu achunguze kwanza mtoto anaweza nini, ndipo achague chombo.

Wanaotupinga watasema kwamba karatasi nene ni ghali, kwamba walimu wenye ujuzi ni wachache, na kwamba darasa lina watoto wengi. Hatuyakani hayo. Lakini uhaba wa chaki haujapata kuwa sababu ya kufuta somo la kuandika. Kwa mazoezi, karatasi ngumu za kalenda zilizopita zafaa. Trei moja ya mayai yenye matundu 30 yaweza kukatwa vipande 5, kila kimoja kikiwa na matundu 6. Mtoto akiweka ndimu au vizibo ndani yake, amepata kikundi cha nukta kikubwa cha kujifunzia. Zana hii haigharimu kitu, nao watoto wanaoona wataichezea pamoja na mwenzao. Huo ni mwanzo mwema, kwani mtoto ambaye jirani yake darasani aweza kusoma barua yake hatajiona mgeni.

Ama kuhusu uchache wa walimu, jibu liko vyuoni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, wazitaka nchi kurahisisha ujifunzaji wa nukta nundu na kuajiri walimu wanaoijua. Mkataba hautekelezwi na karatasi. Hutekelezwa na mwalimu aliye mbele ya darasa. Twapendekeza kila mwanachuo, hata asiyekusudia kusomea elimu maalumu, azijue herufi zote za nukta nundu kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Pili, anapoandaa zana za somo ajiulize: je, chombo hiki chamwezesha mtoto kusoma na kuandika, au chamfanyia kazi hiyo badala yake? Tatu, mashine isemayo isiingie katika somo la kusoma la darasa la kwanza na la pili isipokuwa kama msaidizi. Nafasi yake ipanuke kadiri mtoto anavyokomaa katika kusoma.

Betri ya simu huisha, mashine huharibika, na mtu wa kumsomea mwenziwe huenda zake. Mtoto aliyefundishwa herufi hubaki nazo. Kazi ya shule ya msingi tangu awali ni kumpa kila mtoto herufi hizo, naye asiyeona ni mmoja wa watoto hao.