Tusiite Mila Chai ya Kuharisha

Katika vijitabu vya ushirika wetu tumezoea kusoma juu ya mahari, majina ya mapacha, matanga na uvuvi wa ndagala. Leo naomba tuongee juu ya chai. Si ile ya asubuhi. Ni chai ya kupunguza tumbo, inayouzwa hapa Uvira toka Kavimvira mpaka Kalundu, sokoni, kwenye milango ya makanisa, na hata katika chumba cha walimu. Kama ingeuzwa kama biashara tu, ningewaachia waganga wa hospitali kazi ya kuisema. Lakini wauzaji wanaipitisha kwa jina la mababu zetu, na hapo maneno yanakuwa ya kwetu.

Muuzaji hakosi jibu. «Mama, kunywa tu, ni majani, sawa ile ya bakoko betu, haina mubaya.» Siku ya pili mnunuzi anakimbia chooni mara sita. Anarudi kuuliza. «Usiogope, njo mafuta inatoka ile!»

Mwalimu mwenzangu mmoja, mama wa watoto watano, aliinywa wiki tatu. Mwanzoni alifurahi: mizani ilishuka, sketi ikalegea. Kisha misuli ya miguu ikaanza kumkaza usiku, moyo ukawa unapiga ovyo, na siku moja alishindwa kumaliza kuandika ubaoni, akaketi mbele ya wanafunzi. Munganga alimwomba alete pakiti. Katikati ya maandishi ya Kichina kulikuwa neno moja la kusomeka: sena. Ni mmea ambao watu wa pwani wanauita sanamaki, na tangu zamani unajulikana kama dawa ya kuharisha. Alipoacha chai, kilo zilirudi kwa wiki moja.

Zilirudi kwa sababu hazikuwa mafuta. Nieleze kidogo, ualimu ni ugonjwa. Chakula kinafyonzwa katika utumbo mdogo. Sena inafanya kazi katika utumbo mkubwa, yaani chini, wakati bugali na mawese vimekwisha kuingia mwilini. Inachosukuma nje ni maji na mavi. Pamoja na maji yanatoka madini, hasa potasiamu, ambayo misuli inaihitaji, na moyo ni msuli. Anayeendelea miezi na miezi anaweza kufika mahali ambapo tumbo halitembei tena bila hiyo chai. Basi muuzaji amepata mteja wa maisha. Na wamama wanaomeza kidonge cha uzazi wajue kama kuhara sana kunaweza kukipotezea nguvu. Sijasikia muuzaji akilisema hilo.

Lakini linalonikasirisha zaidi ni kwamba jambo hili linatendeka Uvira. Mji mwingine ungeweza kusingizia ujinga. Sisi tunaishi na kipindupindu tangu miaka ya mwisho ya 1970. Tumechimba makaburi yake. Mwaka 2020 tulipanga mstari kunywa chanjo yake. Mtoto wa shule ya msingi hapa anajua kama mtu wa kipindupindu anaweza kufa kwa masaa machache kwa kupoteza maji. Halafu katika mji huohuo mtu anatoa dola mfukoni ili anunue kuhara! Na ubaya haukomi kwenye pesa. Aliyeambiwa kwamba kuhara ni dalili ya dawa kufanya kazi, siku atakapopata kipindupindu chenyewe atasema «ni chai», atabaki nyumbani kungoja mafuta yatoke, wakati angepaswa kubebwa mbio hadi kwenye kituo cha matibabu.

Sasa turudi kwa mababu. Ni mababu gani waliokunywa majani ili wakonde? Kwa Wafuliru, kwa Wavira, kwa Wabembe, mtu aliyekonda aliulizwa: uko na shida gani? Tena wengi wetu tunakumbuka wakati kukonda kulimaanisha ukimwi. Kule Uganda, katika miaka ya 1980, ugonjwa wenyewe uliitwa «Slim». Wazee walijua majani ya kusafisha tumbo, sikatai, na walijua kupiga bomba. Lakini majani yalikuwa na ugonjwa wake, kipimo chake na siku ya kuacha, na aliyekupatia alikuwa jirani: ukizidiwa, anaitwa. (Hata hivyo tusidanganyane, bomba lile limeua watoto pia. Mila si cheti cha usafi.)

Neno «asili» lina udanganyifu mwingine. Dawa ya kukondesha iitwayo sibutramini iliondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari zake kwa moyo. Tangu hapo imekutwa mara nyingi, katika nchi mbalimbali, imefichwa ndani ya vidonge na chai za «majani matupu». Na msidhani Wazungu wako na kinga. Ufaransa iliuza Mediator toka 1976 mpaka 2009. Ilikuwa dawa ya wagonjwa wa sukari, lakini iliandikwa sana kwa watu waliotaka kupungua. Iliharibu valvu za moyo, ikaua. Ilibidi daktari mmoja wa mapafu wa Brest, Irène Frachon, apige kelele ndipo ikasimamishwa, na mwaka 2021 mahakama ya Paris ililihukumu kampuni la Servier. Kama huko kwenye maabara na mahakama watu walidanganywa miaka thelathini na zaidi, itakuwaje kwetu na pakiti isiyosomeka?

Kichekesho ni kwamba meza ileile inauza pia dawa za kunenepa, Périactine na dexa, kwa wasichana wanaoambiwa kwamba bwana anataka mwili. Ya kwanza ni dawa ya alerji inayoleta njaa na usingizi. Ya pili inavimbisha uso, inapandisha sukari na tansio, na aliyeizoea akiiacha ghafula anaweza kuanguka, maana mwili umesahau kujitengenezea homoni yake. Nayo wanaiita mila!

Mtaniambia: Mwalimu, unene nao unaua. Kweli, sukari na tansio viko katika nyumba zetu. Lakini tunapanda pikipiki hata kwa safari ya dakika kumi, jioni tunaongeza bugali juu ya bia, halafu tunataka chai itulipie deni.

Kwa ushirika wetu nina ombi moja. Mkutano ujao, muuzaji anayetaka kusema mbele ya wamama kwamba chai yake ni ya mababu, aje na pakiti. Asome majina ya majani yote, kipimo, na siku ya kuacha. Wazee wetu wanaojua miti watakuwa wameketi pale, nao watamwuliza mti huo unaitwaje kwa Kifuliru, kwa Kivira, kwa Kibembe.